Kukokotoa tozo ya miundombinu kwa ujenzi mpya: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Rasimu nyingi za tozo ya miundombinu hutumbukia kwenye shimo lile lile. Mwandishi anachukua gharama yote ya mradi, anaigawanya kwa idadi ya nyumba zinazotarajiwa kujengwa, kisha anapeleka jibu kwenye baraza la madiwani. Hesabu inasomeka vizuri mpaka siku mwendelezaji wa kwanza atakapokuja na mwanasheria wake na kuuliza swali moja tu: mbona nalipishwa upungufu niliourithi?

Tozo inayozungumziwa hapa ni malipo ya mara moja. Anatozwa anayejenga, ili kugharimia ile sehemu ya maji, majitaka, barabara, bustani, shule au zimamoto ambayo ujenzi wake ndio umeifanya ihitajike. Usiichanganye na kodi ya majengo inayolipwa kila mwaka, wala na ada ya kukagua michoro.

Mwongozo huu umeandikwa kwa anayekaa upande wa halmashauri: afisa wa fedha, afisa mipango miji, mhandisi, diwani wa kamati husika. Anayepokea bili naye ataufaidi, kwa kuwa hatua hizi hizi ndizo za kuikagulia. Mfano mmoja, wa kituo cha kusafisha maji, utatembea nasi hadi mwisho. Tarakimu zake ni za kubuni na fedha yake nitaiita “sarafu” tu, ili utie za kwako.

## Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Sheria inayoipa halmashauri mamlaka ya kutoza, neno kwa neno, pamoja na kanuni zake.
- Ramani ya mtandao wa kila huduma: bomba kuu, mitaro, barabara kuu, vituo.
- Daftari la uwezo wa mitambo na mali zilizopo, lenye kuonyesha uwezo na matumizi halisi.
- Makadirio ya kaya mpya na mita za mraba za biashara kwa miaka kumi ijayo au karibu na hapo.
- Mpango wa miradi ya mtaji: mradi, mahali, gharama, mwaka, chanzo cha fedha.
- Takwimu za matumizi: usomaji wa mita za maji, hesabu za magari barabarani.
- Orodha ya ruzuku zilizoahidiwa na madeni yanayoendelea kulipwa.

Usianze kabla hujapata daftari la uwezo na matumizi. Mengine yanaweza kukadiriwa kwa muda, lakini bila hilo hatua ya tano haipo, na bila hatua ya tano huna tozo, una makisio yenye mhuri.

## Hatua ya 1: Soma mamlaka yako kabla ya kugusa kikokotoo

Fungua sheria utafute mambo manne: huduma zipi zinaruhusiwa kutozwa, nani anaweza kutozwa, fedha inaweza kununua nini, na utaratibu gani lazima ufuatwe kabla ya kupitisha sheria ndogo.

Nchi zinatofautiana sana hapa. Texas ilitunga sheria yake ya jumla mwaka 1987, na sheria hiyo inadai mpango wa miradi, makadirio ya matumizi ya ardhi na eneo la huduma kabla ya senti kukusanywa. California ilipitisha yake mwaka huo huo. Ontario, jimbo la Kanada, inaongozwa na sheria ya mwaka 1997, yenye kudai utafiti wa awali uwekwe hadharani angalau siku 60 kabla ya sheria ndogo kupitishwa. Uingereza ilichukua njia nyingine: kwa Sheria ya Mipango ya mwaka 2008 na kanuni za 2010, halmashauri inaweza kuweka kiwango kwa kila mita ya mraba ya jengo jipya, baada ya jedwali la viwango kupitia kwa mkaguzi huru.

Onyo: karibu kila mahali tozo ya aina hii hairuhusiwi kulipia matengenezo, mishahara au uendeshaji. Kuziba mashimo ya barabara ya zamani si upanuzi. Rasimu yako ikiwa na mstari wa “ukarabati”, ufute sasa hivi.

Hatua hii imekamilika ukiwa na ukurasa mmoja ambao mwanasheria wa halmashauri ameusaini, wenye orodha ya huduma unazoruhusiwa kutoza.

## Hatua ya 2: Chora eneo la huduma

Anayelipa lazima awe ndani ya eneo linalohudumiwa na mradi unaojengwa kwa fedha yake. Kituo cha kusafisha maji kinaweza kuhudumia mji mzima. Bustani ya mtaa haivuki mbali. Mtaro wa maji ya mvua hufuata mteremko wa ardhi, na ardhi haijui mipaka ya kata.

Kwa hiyo usichore eneo moja kwa huduma zote. Chora ramani kwa kila huduma. Ukiweka maeneo makubwa mno, mtu wa kaskazini atalipia barabara ya kusini asiyoipita kamwe. Ukiweka madogo mno, kila mfuko utabaki na vijisenti visivyotosha kujenga kitu, na fedha italala hadi muda wake uishe.

Binafsi huegemea maeneo makubwa kwa maji na majitaka, ya wastani kwa barabara, madogo kwa bustani. Kwa mitaro, mwachie mhandisi wa maji ya mvua afuate mabonde.

## Hatua ya 3: Kadiria ukuaji kwa tarakimu zinazoweza kutetewa

Tumia makadirio yale yale ambayo halmashauri inayatumia kwenye mpango mkuu wa mji. Ukibuni mengine kwa ajili ya tozo, utaulizwa kwa nini mji una siku za usoni mbili.

Mtego wake uko hapa: makadirio makubwa huishusha tozo, kwa kuwa gharama inagawanywa kwa watu wengi, na madiwani huyapenda kwa sababu hiyo. Lakini nyumba hizo zisipojengwa, mfuko utapungukiwa na pengo litalipwa na walipa kodi wote. Makadirio madogo nayo hupandisha tozo na kuwakimbiza wajenzi. Chukua ya kati, na uyapitie upya kila baada ya miaka michache. Texas inadai mapitio angalau kila miaka mitano.

Katika mfano wetu, mji una kaya 20,000 na unatarajia kaya 5,000 zaidi ndani ya miaka kumi.

## Hatua ya 4: Pima kiwango cha huduma kilichopo, si cha ndoto

Kiwango cha huduma ni kipimo cha kiasi gani cha huduma kila mtu anapata leo: mita za ujazo za maji kwa kaya kwa siku, mita za mraba za bustani kwa kila watu elfu, dakika za gari la zimamoto kufika.

Ukitaka kuwatoza wapya kwa kiwango cha juu kuliko wanachopata wakazi wa sasa, lazima uonyeshe fedha nyingine, nje ya tozo, itakayowapandisha wakazi wa sasa hadi hapo. Mji wenye mita mbili za mraba za bustani kwa kila mtu hauwezi kuwatoza wageni kwa mita tano na kukaa kimya kuhusu wenyeji. Ontario imelifunga jambo hili ndani ya sheria: tozo haiwezi kuvuka wastani wa kiwango cha huduma cha miaka iliyopita, zamani kumi na tangu mabadiliko ya mwaka 2022 kumi na tano.

Kwa maji, chukua siku ya matumizi makubwa kabisa, usichukue wastani wa mwaka. Mtambo hujengwa kwa ajili ya siku hiyo. Katika mfano wetu, siku hiyo kaya moja hutumia mita za ujazo 0.5. Kaya 20,000 zinahitaji mita za ujazo 10,000. Kaya 5,000 mpya zitahitaji 2,500.

## Hatua ya 5: Tenga upungufu wa zamani na mahitaji mapya

Hapa ndipo rasimu zinapofia, kwa hiyo tutakaa.

Kituo cha sasa kinazalisha mita za ujazo 9,000 kwa siku, ilhali wakazi wa sasa wanahitaji 10,000. Kuna upungufu wa 1,000 kabla hata mgeni mmoja hajafungua bomba. Wahandisi, kwa busara, hawajengi mtambo wa kipimo kamili cha leo. Wamependekeza upanuzi wa mita za ujazo 4,500, kwa gharama ya sarafu 90,000,000.

Gawanya huo uwezo mpya wa 4,500 katika mafungu matatu:

1. Upungufu wa wakazi wa sasa: 1,000.
2. Mahitaji ya kaya mpya za miaka kumi: 2,500.
3. Akiba ya watakaokuja baada ya hapo: 1,000.

Gharama ya kila mita ya ujazo ni 90,000,000 ÷ 4,500 = sarafu 20,000. Fungu la kwanza linabeba sarafu 20,000,000, la pili 50,000,000, la tatu 20,000,000.

Fungu la pili peke yake ndilo linaloingia kwenye tozo ya miaka hii kumi. 50,000,000 ÷ kaya 5,000 = sarafu 10,000 kwa kaya. Yule aliyegawanya gharama yote kwa kaya mpya angepata 18,000. Tofauti hiyo ya 8,000 ndiyo mahakama itakayoikamata.

Fungu la kwanza litalipwa na nani? Na wakazi wa sasa, kupitia bei ya maji, kodi au mkopo. Hakuna njia ya mkato hapa, na hakuna diwani anayependa kulisikia. La tatu halmashauri italibeba kwa muda, kisha ilirudishe kwa tozo ya kipindi kijacho, mradi kumbukumbu za gharama zimetunzwa.

Kuna sura ya pili ya mgawanyo huu. Wakati mwingine mji ulikwisha kujenga mtambo mkubwa, na uwezo wake bado haujajaa. Hapo hakuna upungufu, kuna ziada, na anayejenga sasa anaweza kutozwa sehemu yake ya uwezo uliokwisha kulipiwa, kwa gharama iliyotumika kweli. Sheria yako ikiruhusu njia hii ya kununua nafasi, ni rahisi kuitetea kuliko ahadi ya mradi ujao. Angalia tu kwamba sehemu iliyojengwa kwa ruzuku imeondolewa. Huwezi kumuuzia mtu ulichopewa bure.

Msingi wa haya yote nchini Marekani umejengwa na mashauri manne ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na yanafaa kusomwa hata na asiyefanya kazi huko kwa sababu yanaonyesha hoja zitakavyokuja. Katika shauri la Nollan la mwaka 1987, familia ilitaka kubomoa kijumba cha ufukweni na kujenga nyumba kubwa. Mamlaka ya pwani ya California ikadai njia ya umma kupita ufukweni kwao. Mahakama ilikataa: sharti halikuhusiana na madhara yaliyodaiwa. Mwaka 1994, katika shauri la Dolan, mji wa Tigard huko Oregon ulimtaka mwenye duka la vifaa vya mabomba na umeme atoe ardhi kwa ajili ya njia ya baiskeli na ukanda wa kijani kando ya kijito. Mahakama ikaongeza kipimo cha pili: sharti lilingane kwa makadirio na ukubwa wa athari.

Koontz, mwaka 2013, iliviingiza vipimo hivyo kwenye fedha taslimu. Kisha Aprili 2024 ikaja ya Sheetz: mzee aliyetaka kuweka nyumba ya kiwandani kwenye kiwanja chake katika Wilaya ya El Dorado, California, alitozwa dola 23,420 za athari za barabara, kwa jedwali, bila mtu kupima nyumba yake itaongeza magari mangapi. Majaji wote walikubaliana kwamba kuwekwa kwa tozo na chombo cha kutunga sheria hakuiondoi kwenye vipimo hivyo. Hawakusema kwamba kila nyumba lazima ipimwe peke yake. Swali hilo liliachwa wazi. Lakini mazoea ya kusema “baraza limepitisha, basi” yamekwisha.

Utajua umevuka salama ukiweza kuelekeza kidole kwenye kila mita ya ujazo, kila kilomita na kila ekari iliyo kwenye mradi, na kusema ni ya nani.

## Hatua ya 6: Toa ruzuku na fedha nyingine

Serikali kuu imeahidi ruzuku ya sarafu 9,000,000 kwa mradi mzima, sawa na asilimia 10. Igawe kwa uwiano ule ule wa mafungu. Fungu la pili linashuka kutoka 50,000,000 hadi 45,000,000, na tozo inakuwa 9,000 kwa kaya.

Kishawishi ni kuipeleka ruzuku yote kwenye upungufu wa wenyeji ili wapya wabaki na mzigo kamili. Barua ya ruzuku ikisema wazi kwamba ni ya kuondoa upungufu, sawa. Ikikaa kimya, usijaribu.

Gharama zenyewe zichukue kwenye makadirio ya mhandisi yenye tarehe, pamoja na ardhi, usanifu na usimamizi. Riba ya mkopo iongeze ikiwa sheria inaitaja. Na kama bei ya ardhi imechukuliwa kwenye mauzo ya kiwanja cha katikati ya mji wakati bustani itakuwa pembezoni, irekebishe kabla hujarekebishwa.

## Hatua ya 7: Zuia malipo ya mara mbili

Kaya mpya ikilipa tozo leo, kesho itaanza kulipa bili za maji kama wengine. Ndani ya bili hizo kuna sehemu inayolipa mkopo wa ule upungufu wa zamani. Kwa hiyo mgeni analipia nafasi yake kwa tozo, kisha anasaidia kulipia nafasi ya mwenyeji kwa bili. Mkate ule ule ameununua mara mbili.

Dawa ni makato. Tuseme mkopo huo unaongeza sarafu 60 kwa mwaka kwenye bili ya kila kaya kwa miaka 20. Kwa kiwango cha punguzo (riba ya kushushia malipo ya miaka ijayo hadi thamani ya leo) cha asilimia 6, sarafu moja kila mwaka kwa miaka 20 ina thamani ya leo ya 11.47, kwa hiyo malipo hayo ni kama sarafu 688 (60 × 11.47). Tozo inashuka hadi 9,000 − 688 = 8,312.

Texas inatoa njia mbili: kokotoa makato haya, au punguza nusu ya gharama ya mpango moja kwa moja. Njia ya pili inaokoa karatasi nyingi, lakini ni ghali kwa mji. Ukiwa na mchumi, kokotoa.

Aina nyingine ya makato ni ya vitu. Mwendelezaji akijenga kipande cha barabara kuu kilichomo kwenye orodha ya miradi ya tozo, thamani yake ikatwe kwenye bili. Barabara za ndani ya mtaa wake hazihesabiwi, hizo ni zake. Thamani ipangwe kwa mkataba kabla ya kazi kuanza. Ukisubiri risiti zije mwishoni, utajikuta unanunua lami kwa bei ya dhahabu.

## Hatua ya 8: Chagua kipimo cha kumtoza kila mmoja

Tozo moja kwa kila kaya ni rahisi kuiendesha, na humwonea mwenye chumba kimoja. Nyumba ya mita za mraba 180 na ghorofa ya mita 40 zinalipa sawa, ingawa watu waliomo hawalingani.

Ukiigeuza kwa eneo la sakafu, na wastani wa nyumba mpya ukiwa mita za mraba 90, unapata 8,312 ÷ 90, yaani sarafu 92.36 kwa mita ya mraba. Ile ya mita 40 italipa kama 3,694. Ya mita 180 italipa 16,624. California, kwa sheria ya mwaka 2021, inazitaka tafiti mpya zikokotoe tozo za makazi kwa uwiano wa eneo la sakafu, au zieleze kwa nini kipimo hicho hakifai.

Ila nyumba ikiongezeka mara mbili, wakazi hawaongezeki mara mbili. Sebule kubwa hainywi maji. Kwa hiyo napendelea madaraja manne au matano ya ukubwa, kila moja na wastani wake wa wakazi kutoka takwimu za kaya, na daraja la juu likiwa na kikomo.

Kwa biashara, kipimo hufuata huduma. Maji hutozwa kwa ukubwa wa mita, kwa kuwa mita kubwa ina uwezo wa kuvuta zaidi. Barabara hutozwa kwa safari za magari, na hapa ndipo penye makosa mengi baada ya hatua ya tano.

Hesabu ya safari ina virekebisho vitatu. Kwanza, kila safari ina ncha mbili, nyumbani na dukani. Ukizihesabu zote kwa ukamilifu umeitoza safari moja mara mbili, kwa hiyo gawa kwa mbili kwa wote. Pili, si kila gari linaloingia dukani ni jipya barabarani. Kituo cha mafuta huwachukua waliokuwa wakipita tayari, na hao waondolewe. Tatu, urefu: safari ya kwenda kazini huwa ndefu kuliko ya kwenda dukani.

Angalia tofauti. Duka lina ncha za safari 100 katika saa ya msongamano, 40 kati yake ni za wapita njia, na urefu wa wastani ni kilomita 2. Linapata 60 × 2 = 120, ukigawa kwa mbili, kilomita za magari 60. Nyumba 30, kila moja na ncha moja saa hiyo na safari ya kilomita 4, zinapata 120, nusu yake 60. Duka hilo moja linapaswa kulipa sawa na nyumba 30. Bila kuondoa wapita njia na kuangalia urefu, lingelipa sawa na nyumba 100, na mwenyewe angehamia mji jirani.

Viwango vya safari kwa aina ya jengo vinapatikana kwenye vitabu vya wahandisi wa usafiri. Cha Marekani kinachotumika sana huipa nyumba inayojitegemea karibu safari 9 hadi 10 kwa siku ya kazi. Usivihamishe kiholela kwenda mji ambao watu wengi hutembea au hupanda basi. Pima majengo machache ya kwako.

## Hatua ya 9: Pima kama ujenzi utaistahimili

Kiasi ulichopata ni kikomo cha juu. Baraza linaweza kutoza chini yake, kamwe si juu.

Chukua miradi michache ya kawaida ya eneo: ghorofa za bei nafuu, nyumba za kati, duka. Kwa kila mmoja, toa gharama za ujenzi, riba, faida ya kawaida na tozo kwenye bei ya kuuzia. Kinachobaki ndicho mwendelezaji anaweza kumlipa mwenye ardhi. Kikishuka chini ya kinachomfanya mwenye ardhi akubali kuuza, mradi haujengwi na tozo haikusanywi. Uingereza imelifanya hili kuwa moyo wa mfumo wake. London ilipoanza kutoza kwa ajili ya reli ya Crossrail Aprili 2012, iligawa mitaa yake katika makundi matatu ya pauni 50, 35 na 20 kwa mita ya mraba.

Tozo iliyotangazwa mapema huingia kwenye bei ya ardhi, kwa kuwa mnunuzi wa kiwanja anaihesabu kabla ya kutoa dau. Ya kushtukiza humkuta amekwisha kununua, na ataisukuma kwa mpangaji au atasimamisha kazi. Kwa hiyo weka kipindi cha mpito, na upandishe kwa awamu.

Ukitaka kusamehe nyumba za gharama nafuu, samehe, lakini pengo lijazwe na mfuko mwingine. Kulihamishia kwa walipaji waliobaki kunavunja uwiano wote ulioujenga tangu hatua ya tano.

## Hatua ya 10: Sheria ndogo na ukusanyaji

Sheria ndogo iseme jedwali la viwango, eneo, siku tozo inapokadiriwa, siku inapolipwa, misamaha, makato na njia ya rufaa. Siku ya kukadiria na ya kulipa si lazima ziwe moja. Ukikadiria wakati wa kibali, mjenzi anajua deni lake. Ukimruhusu alipe karibu na kukabidhi jengo, riba yake inapungua, ila wewe unahitaji dhamana, kwa mfano kutotoa cheti cha kuhamia hadi alipe.

Fomu nazo zina meno. Chini ya utaratibu wa Uingereza, kabla ya mabadiliko ya mwaka 2019, taarifa ya kuanza ujenzi isipowasilishwa kabla ya kazi, anayejijengea nyumba mwenyewe aliweza kuupoteza msamaha aliokwisha kupewa. Ukitaka kuweka sharti kali hivyo, liandike kwa herufi kubwa kwenye kibali chenyewe.

Weka pia kielezo cha gharama za ujenzi ili viwango vipande au vishuke kila mwaka bila kurudi barazani. Na mpe mwenye jengo lisilo la kawaida nafasi ya kuleta utafiti wake mwenyewe wa athari. Watakaoitumia ni wachache, lakini uwepo wake umeziokoa tozo nyingi.

## Hatua ya 11: Tunza fedha mbali na mikono mingine

Fungua akaunti kwa kila huduma na kila eneo la huduma. Kila stakabadhi ioneshe kiwanja, tarehe, kiasi na mfuko. Fedha ya bustani ya kaskazini ikikopeshwa kwa barabara ya kusini, hata kwa mwezi mmoja, mkaguzi wa hesabu ataiona.

Weka ukomo wa matumizi. Texas inadai fedha isiyotumika ndani ya miaka kumi irudishwe kwa mwenye mali, na riba juu yake. California inaitaka halmashauri, kila mwaka wa tano, itoe maelezo rasmi ya kwa nini fedha iliyolala bado inahitajika, na isipofanya hivyo inaweza kulazimika kuirejesha. Tumia kanuni ya anayetangulia kuingia ndiye wa kwanza kutumika: shilingi ya zamani itoke kwanza, ili saa ya marejesho isikukute usingizini.

Kila mwaka toa taarifa ya kurasa chache: salio la mwanzo, makusanyo, riba, miradi iliyolipiwa na asilimia ya kila mradi iliyotoka kwenye tozo, salio la mwisho.

## Ukiwa upande wa kulipa

Omba utafiti uliozaa kiwango, usiridhike na jedwali. Fungua ukurasa wa miradi na utafute maneno “ukarabati”, “kubadilisha” na “kuboresha”. Kila moja linahitaji maelezo ya mgawanyo. Gawanya gharama kwa uwezo wa mradi, kisha zidisha kwa mahitaji yako. Jibu likiwa mbali na bili, umepata pa kuanzia.

Angalia kama jengo ulilobomoa limekatwa, maana athari yako ni ongezeko tu. Angalia aina uliyowekewa: ghala lililoandikwa “biashara ya rejareja” hubeba safari nyingi lisizozalisha. Kisha soma muda wa rufaa. Mara nyingi ni mfupi, na mahali pengi unaruhusiwa kulipa kwa pingamizi ili kibali kitoke huku shauri likiendelea. Andika pingamizi hilo siku ile ile unayolipa, uchukue nakala yenye mhuri wa kupokelewa.